Taya yenye kufungwa, taya yenye kuchomoka: kese yetu ilipe nini?

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama huko Baraka na timu ya animateri wa afya. Tumeyaandika tena kwa ajili ya wale wenye hawakuweza kufika, na kwa marafiki wenye kutusaidia kutoka mbali.

Tunajua wengine mulitoka mbali kwa miguu, kwa hiyo hatutazunguka.

Katika mikutano hii tumezoea kuongea juu ya malaria, kolera, chanjo za watoto. Leo tutaongea juu ya taya. Wengine wanacheka, tunawasikia. Lakini sisi wenye kutembea vijijini tunakutana na watu wenye hawawezi kufungua mudomo ili kula ugali, na wengine wenye mudomo ulifunguka ukakataa kufunga. Watu hao hawatoki nje, juu ya haya. Kwa mukutano hawafike. Na siku moja wakikaza roho na kuja kuomba musaada, kese yetu ya ugonjwa inawajibu: "Hamukulazwa, hatuwezi kulipa." Juu ya jibu hilo njo tumekuja leo.

Kwanza tujue kitu chenyewe. Kila mutu aweke kidole mbele kidogo ya tundu la sikio, kisha afungue mudomo na kuufunga pole pole. Munasikia kitu kinatembea chini ya kidole? Kile njo kiungo cha taya. Kiko kimoja kuume na kimoja kushoto, na vinafanya kazi pamoja. Kimoja kikigoma, cha pili kinateseka. Kichwa cha mufupa wa taya kinakaa ndani ya shimo dogo chini ya mufupa wa kichwa, na katikati yao kuna diski, kitu chenye kulainika na kukaza sawa kipande cha ngozi, yenye kuzuia mifupa isisuguane. Ukifungua mudomo kidogo, kichwa kile cha mufupa kinazunguka tu pale pale. Ukiufungua sana, kama wakati wa kupiga muayo, kinateleza kwenda mbele, kisha kinarudi. Goti halifanye hivyo, kiwiko pia hapana.

Sasa simamisha vidole vyako vitatu, uviingize kati ya meno ya juu na ya chini. Mutu muzima mwenye taya nzuri anafungua karibu milimita 40 mpaka 50, na vidole vyake mwenyewe vitatu vinaingia. Kama ni viwili tu vinaingia, ao kimoja, kuna jambo la kuangalia. Lakini kama taya yako inalia ko-ko unapotafuna, na hauna maumivu, na vidole vitatu vinaingia, enda nyumbani ulale. Watu wengi wako na mulio huo na hauombe matibabu yoyote.

Shida tunazoona mara nyingi ni za namna tatu. Hatutatumia wakati sawasawa kwa zote, kwa sababu ya kwanza iko ya watu wengi zaidi na inapona kwa bei ndogo.

Hiyo ya kwanza ni maumivu ya misuli na ya kiungo, bila taya kufungwa kabisa. Wanawake wanaumwa zaidi kuliko wanaume. Mutu anaamuka asubuhi na taya imechoka sawa alitafuna usiku kucha, na kweli alibana meno usiku kucha. Hapa hatuhitaji kueleza sana. Wengi wetu tulikimbia, tukakaa Nyarugusu ao Lugufu miaka na miaka, tukarudi kupitia ziwa, na hata leo usiku fulani mutu analala akiwa anasikiliza. Mwili unashika mambo hayo, na taya ni moja ya mahali yanapokaa. (Na wale wenye kusema kama mutoto mwenye kusaga meno ana minyoo: kusaga meno peke yake si ushuhuda wa minyoo. Mumupe dawa ya minyoo kwa wakati wake, lakini si kwa sababu hiyo.)

Hatari ya namna hii ya kwanza ni kungolewa meno. Maumivu ya kiungo yanashuka mpaka kwenye magego, mutu anasema "gego linaniuma", na mahali pasipo na radio ya kupiga picha, wanamungoa. Maumivu yanabaki. Wanangoa la pili. Tumeona mama mwenye alipoteza magego matatu yenye hayakuwa na tundu hata moja, na kiungo kinamuuma mpaka leo. Kwa hiyo, mbele ya kukubali jino litoke, uliza swali hili: tundu iko wapi, ao usaha uko wapi? Kama hakuna mwenye kuonyesha, omba mutu mwengine aangalie.

Dawa yake inaanzia nyumbani. Kitambaa cha maji ya moto kwenye shavu, dakika 15 ao 20, asubuhi na mangaribi. Kwa majuma mawili ao matatu, uache miwa, muhindi wa kuchoma, nyama ya kukauka, na ile desturi ya vijana ya kufungua chupa na meno. Kula uji, ndizi za kuponda, sombe, samaki wa kuchemsha. Mchana kutwa, kumbuka midomo ikutane lakini meno yasigusane. Kisha kuna mazoezi: weka ncha ya ulimi juu, kwenye kaakaa nyuma ya meno ya mbele, fungua mudomo pole pole bila ulimi kutoka pale, kisha funga. Fanya mara 6, na urudilie hivyo mara 6 kwa siku. Vidonge vya maumivu ni kwa siku chache, kwa shauri la infirmie.

Wengine watasema hiyo ni dawa ya masikini, kwamba kule Ulaya wanafanya mambo makubwa. Hapana. Mwisho wa mwaka wa 2023, jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilitoa mwongozo juu ya maumivu ya taya ya muda murefu. Vitu vyenye mwongozo huo ulisukuma kwa nguvu ni mazoezi ya taya, kunyoosha kiungo kwa mikono ya mwenye kufundishwa, kumuelezea mugonjwa na kumutuliza, na kumusaidia kichwani juu ya mawazo na ginsi ya kuishi na maumivu. Vyenye ulikataza kwa nguvu ni pamoja na kupasua ili kuondoa diski. Maana yake mama mwenye kukaa Fizi na kitambaa cha maji ya moto na mazoezi yake hayuko nyuma.

Namna ya pili ni taya yenye kufungwa. Diski inatoka mahali pake, inakwama mbele, na kichwa cha mufupa hakiwezi tena kuteleza. Jana vidole vitatu viliingia, leo ni kimoja na nusu. Mudomo ukifunguka unakwenda upande, upande ule wa ugonjwa. Hapa watu wanaogopa sana, na hapa tena njo wenye bei kubwa wanatokea.

Inaomba mujue historia kidogo. Katika miaka ya 1970 na 1980, madaktari, zaidi kule Marekani, walipasua viungo vingi vya taya. Wakiona diski imetoka, waliirudisha ao waliiondoa, na kwa wengine waliweka pahali pake kipande kilichotengenezwa na Proplast-Teflon. Kipande hicho kilivunjika-vunjika ndani ya kiungo, mwili ukapigana na vumbi lake, na mifupa ikaliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ya Marekani ilikiondoa sokoni na kuomba wagonjwa wapimwe tena. Watu walioingia na maumivu ya taya tu walitoka na mateso ya maisha yote. Hao walikuwa na pesa na hospitali kubwa.

Wakati ule ule kulikuwa njia ingine inakua pole pole. Mwaka wa 1975, Mujapani Masatoshi Ohnishi alieleza ginsi ya kuingiza kamera nyembamba ndani ya kiungo cha taya kupitia tundu dogo. Madaktari wenye walimufuata waliona jambo la kushangaza: ili kuona vizuri ndani, walikuwa wanaosha kiungo na maji safi, na wagonjwa wenye taya iliyofungwa walianza kufungua mudomo kisha kuoshwa tu, hata kama diski haikurudi mahali pake. Basi, mwaka wa 1991, Dorrit Nitzan wa Yerusalemu pamoja na wenzake Dolwick na Martinez wakaandika kama tunaweza kuacha kamera yenyewe. Sindano mbili zinatosha.

Kazi hiyo inaitwa artrosentesi. Daktari anavuta mustari kutoka sikio mpaka kona ya jicho. Anapiga dawa ya ganzi. Anaingiza sindano ya kwanza karibu sentimita moja mbele ya sikio, na ya pili mbele yake kidogo, zote mbili zikifika ndani ya nafasi ya juu ya kiungo. Serumu inaingia kwa sindano moja na kutoka kwa nyingine. Mara nyingi wanatumia ringeri, ile ile yenye munaiona ikitundikwa kwa mugonjwa wa kolera. Serumu inatoka na uchafu wa uvimbe, na inaachanisha vitu vilivyobanana. Fikiri sahani mbili zenye maji zikibebana moja juu ya nyingine: ukizivuta hazitoki, lakini maji ao hewa ikiingia katikati zinaachana. Mbele ya kumaliza, daktari anashika taya na kuifungua pole pole. Mugonjwa anarudi nyumbani siku ile ile, na anaendelea na mazoezi. Bila mazoezi, kazi yote inaweza kupotea.

Tusidanganyane. Shavu linavimba juu ya serumu, na kisha siku moja ao mbili linashuka. Ganzi inaweza kufanya jicho lisifunge vizuri kwa masaa machache. Inaomba usafi wa kweli na daktari mwenye alijifunza kazi hiyo, kwa sababu mushipa wa uso unapita karibu. Na si ya kila mutu. Ule mwongozo wa 2023 tuliotaja haukusukuma artrosentesi kwa maumivu ya siku nyingi. Ulishauri wengi wasianze nayo. Sisi tunaiweka mahali pake: kwa taya iliyofungwa kweli, kisha majuma kadhaa ya kitambaa, chakula laini na mazoezi bila mafanikio. Kamera inabaki kwa wachache, na kupasua kunabaki kwa wachache zaidi.

Namna ya tatu ni taya yenye kuchomoka, na hapa masaa yanahesabiwa.

Kuna mama mumoja mwanachama, muuzaji wa ndagala, alitukubalia tueleze bila kutaja jina. Asubuhi alipiga muayo, na mudomo ukabaki wazi. Hakuweza kusema, mate yanamwagika, kidevu kiko mbele. Jirani wakasema ni muchawi. Alipelekwa chumba cha maombi siku mbili. Hatusemi kitu juu ya maombi, sisi pia tunaomba, lakini kichwa cha mufupa kilikuwa kimeruka mbele ya nundu ya mufupa wa juu, na misuli ilikuwa inakivuta na kukifungia pale. Siku ya tatu infirmie wa santre ya afya alimuketisha kwenye kiti kifupi, kichwa kikiegemea ukuta, akafunga vidole gumba na kitambaa, akaviweka ndani juu ya magego ya chini, akasukuma chini kwanza, kisha nyuma. Ikarudi. Njia hiyo inajulikana tangu Hippocrates wa Ugiriki, miaka zaidi ya 2,000. Musiijaribu wenyewe nyumbani. Taya ikirudi inafunga kwa nguvu na kidole kinaweza kubaki ndani. Lakini mujue kwamba infirmie mwenye kufundishwa anaifanya bila mashine yoyote, na kwamba siku ya kwanza ni rahisi kuliko siku ya tatu. Ikipita majuma, misuli na nyama zinakauka pale, na hapo inaomba kumulaza mugonjwa usingizi, ao kumupasua.

Mama yule taya yake ilichomoka tena, na tena. Kila mara kazi inasimama, na deni la ndagala linapanda. Aliambiwa aende muji mukubwa kupasuliwa. Kese yetu ilikuwa tayari kulipa sehemu yake, kwa sababu ni operesheni na kulazwa. Kisha daktari mumoja mwenye kupita alimupendekeza kitu kingine: kuchukua damu ya mukono wake mwenyewe na kuipiga ndani ya kiungo, karibu mililita 2 ndani na 1 pembeni, kisha kufunga kidevu na bandeji ili asifungue mudomo sana kwa majuma kadhaa. Damu inafanya kovu, na kovu linashika kiungo. Njia hiyo ilielezwa Ujerumani mwaka wa 1964. Wakati fulani inaomba kurudilia mara mbili ao tatu, na haimushike kila mutu. Yeye ilimushika. Anauza ndagala, na anapopiga muayo anashika kidevu kwa mukono, sawa tunavyowaomba wote wenye shida hiyo wafanye.

Alipoleta karatasi ya malipo kwa kese, ilikataliwa, kwa sababu alirudi nyumbani siku ile ile. Kwa kupasuliwa tungelipa, na kungekuwa pia safari, kitanda, na ndugu wa kumupikia. Hatukasirikie mutunza kese. Alifuata kanuni, na kanuni iliandikwa wakati tulikuwa tunafikiri malaria kali na akina mama wenye kujifungua kwa operesheni. Lakini leo kanuni ile inasukuma watu kwenye kisu.

Mbele ya kufika kwenye pendekezo, mambo yenye hayangoje. Mutu mwenye taya inafunga, na shingo ao mugongo unakaza, zaidi kama alikuwa na kidonda: hiyo inaweza kuwa tetanosi, akimbizwe hospitali sasa hivi. Taya inafunga na kuna homa, uvimbe chini ya kidevu, kumeza ni shida: usaha wa jino unashuka shingoni, unaweza kuziba pumzi, hospitali usiku ule ule. Taya inapinda-pinda kisha kunywa dawa ya kuzuia kutapika kama metoklopramide: peleka pakiti ya dawa uionyeshe infirmie, kuna sindano ya kuituliza.

Na watoto. Mutoto akianguka kutoka kwenye muembe akagonga kidevu, wazazi wanashona kidonda cha kidevu na kusahau. Lakini nguvu ya kidevu inapanda mpaka kwenye kiungo na inaweza kuvunja shingo ya mufupa pale mbele ya sikio. Asipotibiwa na kufanyishwa mazoezi mapema, mifupa inaweza kushikana ikawa mufupa mumoja. Usaha wa sikio wenye kuacha bila dawa unaweza kuleta jambo lile lile. Mutoto huyo anakua na kidevu kidogo, anasukuma uji katikati ya meno. Yeye sindano na serumu hazimusaidie tena. Yeye anahitaji operesheni kweli, na daktari wa mudomo na taya. Chuo Kikuu cha Kinshasa kinafundisha madaktari wa meno, lakini kutoka hapa Kinshasa ni ndege. Wenye kuwa na jamaa Tanzania wanajua hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ina kitengo cha upasuaji wa mudomo na taya. Kwa watoto hao tunapenda kese iendelee kulipa kama inavyolipa, na tunaomba marafiki wa mbali watusaidie hasa hapo.

Basi pendekezo letu. Taya iliyochomoka: kese ilipe moto ao mashua na kazi ya infirmie siku ile ile, bila kungoja kikao cha komite. Sindano za kuosha kiungo na sindano ya damu: zihesabiwe sawa operesheni ndogo, hata kama mugonjwa hakulala hospitalini, kwa sharti alete karatasi ya daktari yenye kuonyesha alifanya mazoezi kwanza. Kupasua kiungo cha taya: kese ilipe kama daktari ameandika sababu, kama vile mifupa imeshikana, imevunjika vibaya, ao kuna uvimbe mubaya. Kama hakuna sababu iliyoandikwa, hapana.

Muzee mumoja wa komite ametuambia mbele ya mukutano: "Mukifungua mulango wa wasiolazwa, kesho kila mwenye kuumwa kichwa ataleta karatasi, na kese itakauka." Neno lake lina uzito, na hatuna jibu lenye kumaliza yote. Njo maana tumeandika taya peke yake, na tumeomba kikomo cha mwaka kwa kila jamaa. Kiasi chenyewe mutakiweka ninyi. Kama kisha mwaka mumoja hesabu inaonyesha hasara, tutarudi hapa na daftari mukononi.

Kura itakuwa kwa mukutano mukuu. Wenye hawatafika wanaweza kuacha jibu lao kwa mutunza kese wa kijiji chao, kwa mudomo ao kwa karatasi. Tunaomba tena majina ya ma-infirmie wenye wanataka kujifunza kurudisha taya; siku moja ya mafunzo inatosha kuanza, na chumba tunacho.

Wale wenye vidole vitatu havikuingia leo, mubaki kidogo kisha mukutano, pale nyuma karibu na muembe. Tutapima mumoja mumoja, na hakuna mwenye atawaangalia.